Mtu Mmoja kwa Kila Kaya

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na maneno mengi mazuri. Kitenge nimeshakishona. Saa nimempa shemeji yangu, maana mstaafu hana haja ya kusikia dakika zinavyokwenda. Maneno ndiyo yamenishinda pa kuyaweka. Mmoja wenu alisimama akasema kwamba kituo cha Myamba, nilichokishika mimi mpaka utafiti wa presha ukaisha, ndicho kilichokuwa na takwimu safi kuliko vituo vyote, na kwamba vijana mjifunze kwangu. Mkapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa, mkadhani ni unyenyekevu.

Baadaye mkaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kupima presha za watu. Nimechoka, magoti yananiuma, na sina hakika kama kuna atakayesoma hadi mwisho. Lakini nitaandika, na nitaeleza ule usafi ulipatikanaje.

Nilianza kazi hospitalini Same mjini, wodi ya wanawake, msichana mwembamba kutoka Ugweno niliyeogopa hata kuita majina ya wagonjwa kwa sauti. Aliyenifundisha kupima presha alikuwa Sista Namsifu, mama mfupi mwenye macho makali na saa aliyoibana kifuani. Mashine zilikuwa za zebaki, sanduku zito lenye mrija wa kioo ndani, na ukilidondosha unaandika maelezo kurasa tatu. Wiki ya kwanza alichukua daftari langu, akasoma ukurasa mzima kimya, kisha akaniita mbele ya wagonjwa.

“Nesi Msuya, watu wa Same hii presha zao zote zinaishia na sifuri?”

Nilikuwa nakadiria. Mia na arobaini, mia na sitini, mia na hamsini. Zebaki ilikuwa inashuka taratibu na mimi nilikuwa na haraka zangu.

“Kila mstari kwenye kioo cha mashine una mtu wake,” aliniambia. “Usimwibie mgonjwa hata mistari miwili.”

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini tangu siku hiyo sikukadiria tena.

Alinifundisha pia kusubiri. Watu wetu huja kupimwa wakiwa wametembea kutoka milimani, wengine na mkungu wa ndizi kichwani ili safari isiende bure. Ukimfunga mkanda bado anahema, utaandika presha ya kilima. Sista Namsifu alikuwa anawaketisha kwenye benchi, anawakataza kuongea, na yeye mwenyewe anakaa nao kimya dakika tano nzima. Ninyi mna mashine inayopima mara tatu yenyewe, na kishkwambi kinachogoma kuendelea mpaka muda utimie, na bado nimewaona mkibonyeza huku mgonjwa anahadithia msiba wa shangazi yake. Sikusema kitu wakati ule. Nasema sasa.

Nilipohamishiwa kwenye utafiti nilidhani nimepumzishwa. Hakuna zamu, hakuna vitanda, ni mashine, dodoso na miguu yako. Kazi ya kwanza ilikuwa kwenye kambi za mkonge huko bondeni, kwa wafanyakazi waliotoka Kigoma, Mtwara, Singida, kila mahali isipokuwa hapo. Namkumbuka mkataji mmoja wa Kigoma, mcheshi, presha yake imepanda hadi nikampima mara nne nikidhani mashine ina wazimu. Nikampa barua ya kwenda hospitali. Akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

“Sista, presha ni ugonjwa wa wenye muda wa kuwaza,” alisema. “Mimi nikigusa kitanda nimelala.”

Raundi ya pili hakuwepo. Mwenzake akasema amerudi kwao, mwingine akasema hapana, ila hakumalizia. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha “amehama”, nikaweka alama. Mambo mengi sana yameingia kwenye kisanduku hicho.

Na madodoso yenyewe! Moja lilikuwa na swali: unaongeza chumvi chakula kikiwa mezani? Nyumba nyingi nilizoingia milimani hazikuwa na meza ya kulia. Watu walijibu hapana kwa moyo mweupe, na nyuma yao jikoni makande yanachemka, yamelainishwa kwa magadi. Magadi nayo hupandisha presha kama chumvi, lakini hayakuwa na kisanduku. Mimi ni Mpare, nimekula makande hayo tangu sijaota meno, na bado ilinichukua miaka kuinua mkono kikaoni na kuuliza kuhusu magadi. Karatasi ikitoka juu, sisi wa chini tunaiheshimu mno.

Sasa nifike Myamba.

Utafiti ule mnaujua, wengine wenu mmeukuta ukingoni. Tulikuwa tunalinganisha dawa za aina mbili za kushusha presha. Tulipita nyumba kwa nyumba tukipima watu wazima wote, na waliokuwa na presha tuliwaomba wajiunge. Sharti lilikuwa mtu mmoja kwa kila kaya. Sababu yake ni nzuri na nimeieleza mara nyingi mpaka nikaichoka: wakiwa wawili nyumba moja, mmoja ana dawa hii na mwingine ile, watachanganya chupa. Nyumba ikiwa na wagonjwa wawili, tuliandika majina kwenye vikaratasi, tukavikunja, kimoja kikaokotwa.

Kwa Mzee Eliezeri walikuwa wawili, yeye na mkewe Naetwe. Wazee wa Kilutheri, kahawa kidogo, maharage, migomba, watoto wote wameshashuka mlima na hawajapanda tena. Presha ya mzee ilikuwa mbaya. Ya mkewe ilikuwa mbaya zaidi. Niliviweka vikaratasi viwili kwenye kofia ya mzee, na kwa heshima nikamwomba mama aokote kimoja. Akaokota, akanipa nimsomee. Eliezeri. Mama yule alipiga kigelegele kimoja kifupi, akamwambia mumewe, “Umeona? Nimekupatia.”

Mama mwenyewe nikamwandikia barua ya kwenda zahanati ya kijiji.

Kila mwezi nilipanda kwao. Gari la mradi lilinishusha pale barabara inapopoteza adabu, nikachukua bodaboda, halafu miguu. Nilikuwa nampima mzee, nahesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa, nampa chupa mpya. Vidonge vilikuwa vinatoka sawasawa, hata kimoja hakizidi wala hakipungui. Nyumba nyingine nilikuta chupa imechezewa na wajukuu au imesahauliwa darini. Kwa Mzee Eliezeri hesabu ilikuwa kamili kila mara, na mimi nilikuwa nasifiwa kikaoni.

Ila presha yake haikushuka.

Nikishamaliza na mzee nilikuwa nampima na mama, nje ya fomu, kwa kuwa ni aibu kufunga mashine mtu anakutazama. Ya kwake ilikuwa inashuka. Si sana, lakini inashuka. “Mama, leo nzuri,” nilimwambia, nikiamini ni dawa za zahanati. Aliyepewa dawa hapati nafuu, asiyepewa anapata nafuu, na mimi na uzoefu wangu wote nikaona ni sawa tu. Au nilijitia hamnazo, hadi leo sijakata shauri ni lipi.

Daktari wa utafiti, kijana mpole mwenye kupenda chai ya tangawizi, aliniita ofisini.

“Dada Msuya, huyu mzee wako wa Myamba anameza kweli?”

“Anameza, daktari. Chupa zinarudi tupu.”

“Basi mwezi ujao tumwongezee.”

Mwezi huo mvua ilikata barabara. Siku yangu ilikuwa Alhamisi, nikafika Jumanne ya wiki iliyofuata, bila taarifa, matope hadi magotini. Mzee hakuwepo. Kulikuwa na msaragambo, kijiji kizima kimeitwa kutoa tope kwenye ndiva, lile bwawa lao la kumwagilia mashamba. Naetwe alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu ya miguu. Nilimkuta mlangoni na kikombe cha chai mkono mmoja, na mkono mwingine kidonge. Alinikaribisha, akakimeza mbele yangu, akashushia na chai.

“Mama, hicho ni cha zahanati?”

“Zahanati dawa hazipo, mwanangu. Walinipa wiki mbili tu, wakasema nirudi, nikarudi mpaka nikachoka.” Akaniangalia kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa. “Hiki ni cha humu humu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni za baba. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni zangu.”

“Na Jumapili?”

“Jumapili tunampa Mama Joeli hapo chini. Mjane yule, na yeye kichwa kinamgonga.”

Nilivuta kigoda nikakaa. Hesabu kamili ya miezi yote ile ndiyo hiyo. Hawakuwa wezi wala wajinga, walikuwa wamegawana kama wanavyogawana maji ya ndiva, kila mtu na siku yake, na hawakuona kuna cha kuficha. Hakuna aliyewauliza. Mimi nilikuwa nauliza, “Baba, vidonge vimekwisha?” Naye anajibu kweli, “Vimekwisha, nesi.”

Mzee alirudi adhuhuri, jembe begani. Nilimwamkia, nikamsubiri anawe, kisha nikamwambia nilichokiona.

“Baba, dawa hizi ni zako peke yako.”

“Nimeze peke yangu, mwenzangu ananitazama tu?” Hakukasirika. Alionekana kunihurumia. “Tangu nimwoe huyu hatujaficha mboga. Nitaanza leo kuficha kidonge?”

“Mkigawana haviwatibu. Kila mmoja anabaki na presha yake.”

“Mbona ya mama yako imeshuka? Si wewe mwenyewe unasemaga?”

Siku yangu ya kupima ilikuwa Alhamisi, siku ya mama kumeza. Na kweli nilikuwa nimesema, mara tatu au nne, huku natabasamu. Nikajikaza, nikachukua njia niliyoijua, ile iliyoandikwa kwenye mwongozo.

“Daktari anataka kukuongezea dawa, baba, kwa sababu anadhani unameza zote. Nikimweleza ukweli, atakutoa kwenye utafiti. Chupa zitakoma, mtakosa wote wawili. Ukimeza zako vizuri, angalau mmoja atapona.”

Angalau mmoja. Ni mimi niliyesema hivyo, kwa sauti ya upole kabisa, nimeshika mikono ya mzee.

Mzee alimgeukia mkewe. Aliyemaliza maneno ni Naetwe, akiwa amesimama mlangoni.

“Basi ameze yeye. Karatasi si niliiokota mwenyewe?”

“Mama, mimi nitakufuatilia zahanati,” nikamwahidi.

Nilifuatilia kweli. Nilishuka zahanati siku hiyo hiyo, na muuguzi wa pale, mtu mwema aliyechoka kuliko mimi, akanifungulia kabati nione. Kulikuwa na glavu, panadol na barua za maombi ya dawa. Niliandika barua nyingine, nikaiacha juu ya zile. Ofisini niliandika: mshiriki amepewa elimu ya matumizi ya dawa. Nikamwambia daktari asimwongezee kwanza, tutazame mwezi mmoja, naye akakubali kwa sababu ananiamini. Daktari ningeweza kumweleza yote. Pengine angetafuta njia. Niliogopa atamtoa mzee, na niliogopa pia kituo changu kuharibika jina, na sijui ni hofu gani ilikuwa kubwa.

Mwezi uliofuata presha ya Mzee Eliezeri ilikuwa imeshuka vizuri kama kwenye vitabu. Ya Naetwe ilikuwa imepanda ikapita pale ilipoanzia. Nilimwandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Akaishika kwa mikono miwili, akasema atakwenda maharage yakishavunwa.

Kila safari nilikuwa napita Hedaru, ambako tulikuwa na kundi jingine la washiriki. Pale stendi, malori yanapoegeshwa, kuna duka la dawa, na dawa za aina ile zilikuwemo, nimeziona kwa macho yangu nyuma ya kioo nikiwa nakunywa chai mkabala. Ningeweza kumnunulia Naetwe. Mnaponisoma mnajiuliza kwa nini sikufanya hivyo, na mimi nimejiuliza kuliko ninyi. Nilijiambia kwamba nikianza na mmoja, hao wengine nitawaachaje? Nilikuwa na orodha ya watu wengi kama Naetwe, wa karatasi ambayo haikuokotwa. Nilijiambia pia kwamba mtafiti hatakiwi kuingiza mkono wake. Hoja zote mbili ni nzuri, nilizimaliza pamoja na chai, nikapanda gari.

Safari iliyofuata sikumpima Naetwe. Alivuta kigoda kama kawaida, akapandisha mkono wa gauni. Nikamwambia betri zinakaribia kuisha, tumwachie baba. Betri zilikuwa mpya, nilizitia asubuhi ile mwenyewe.

Alianguka shambani akivuna maharage. Vijana walimshusha kwa machela hadi barabarani, wakipokezana, na mzee akitembea nyuma ameshika viatu vya mkewe. Kiharusi. Alikaa hospitali, akarudi akiwa hai, upande wa kulia umelala na maneno machache. Mimi sikuitwa. Nilipata habari kwa dereva wa bodaboda, nikiwa tayari njiani na mfuko wa mashine mgongoni, na ilinibidi nimalize kupanda.

Kuanzia hapo nilifanya nilichotakiwa kufanya mapema. Nilimweleza daktari, nikaeleza kuhusu siku za wiki na Mama Joeli. Alinisikiliza kichwa chini. Aliandika ripoti kwa waliokuwa juu yetu, na Naetwe akaanza kupelekewa dawa zake kwa njia nyingine, kumbe njia ilikuwepo. Ile miezi ya kugawana iliondolewa kwenye takwimu za mzee, ikabaki miezi ya kumeza peke yake. Ndiyo maana ni safi. Nawaomba mjue hilo mnapoonyesha grafu ya Myamba kwenye mafunzo.

Cha kuwafundisha sina kingi. Mkiingia nyumbani kwa mtu, ulizeni nani mwingine anaumwa humo ndani, hata kama fomu haiulizi. Chupa ikirudi tupu kila mwezi bila kosa, msifurahi haraka. Na mkiona dawa nyuma ya kioo na mnajua jina la anayeihitaji, chukueni, mtajadiliana na mwongozo baadaye. Mimi nimejadiliana nao miaka hii yote na sijashinda.

Safari ya mwisho nilikwenda kufunga faili. Naetwe alikuwa amekalishwa nje kwenye kiti chenye mto, anaambua maharage kwa mkono wa kushoto, ganda moja kwa dakika. Niliwaamkia wote wawili. Mzee alikuwa amempondea makande kwenye bakuli, anamlisha kidogo kidogo na kumfuta. Aliponiona nimetoa mashine aliweka bakuli chini, akakaa, akanipa mkono wake. Tulisubiri dakika tano, watu watatu kimya. Nikapima mara tatu. Namba zilikuwa za kijana.

“Vipi?” aliuliza.

“Nzuri sana, baba. Huwezi kuamini.”

Alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo taratibu. Kisha akaelekeza kidevu chake kwa mkewe.

“Mwambie na yeye. Mimi sijui nimwambieje.”

Niligeuka. Naetwe aliacha maharage, akanitazama kwa subira, kama mtu anayesubiri kusomewa karatasi. Maneno yote niliyosoma, niliyofundishwa na niliyowafundisha wengine niliyaacha. Nikapiga goti mbele yake na kumwamkia tena, shikamoo mama, kana kwamba ndio nafika. Akahangaika kidogo kulipata neno, akaitikia kwa upande mmoja wa mdomo.

“Marahaba, mwanangu.”